Mkia wa Ngiri

Hakuwa na darubini. Hakuwa na kofia ya jua, wala kamera, wala viatu vya porini. Alikuwa na vile vyeusi vya kuendea misibani, amevipiga kiwi hadi vinang'aa. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Katika miaka thelathini na minne ya kuchora wanyama kwenye milango ya magari ya watalii, hakuwa amewahi kumwona hata mmoja wao akiwa hai. Na shemeji wa kusemezana naye hakuwa naye tena.

Watu walimwita Fundi Rangi. Twiga wake na tembo wake walizunguka mbugani kila siku, yeye akabaki karakanani na makopo yake ya rangi. Aliwanakili kutoka kwenye chati kuukuu ya darasani iliyopigiliwa ukutani.

Ugomvi wake na shemeji, kaka wa mkewe, ulianzia kwenye mkia. Shemeji alikuwa dereva wa watalii. Siku alipokuja kuchukua gari, alikuta mlangoni amechorwa ngiri anayekimbia, mkia umening'inia.

"Shemeji, huyu anakimbia au anakwenda kuomba radhi? Ngiri akikimbia, mkia husimama wima!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Fundi Rangi akapandwa na hasira.

"Wewe shika usukani. Brashi niachie mimi."

"Haya. Siku ukimwona kwa macho yako, niandikie barua."

Ikawa ndiyo basi. Miaka kumi na minane! Shemeji akastaafu, akahamia mji wa mbali. Kwenye harusi za ukoo walikaa pembe mbili za ukumbi, na mke wa Fundi Rangi akawa mpeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Kwa hiyo binti yao, muuguzi, alipowazawadia safari ya siku mbili mbugani, mzee alijua anachokwenda kutafuta. Hakuwa na haja na simba. Alitaka kumwona ngiri akikimbia mkia chini, shemeji afunge mdomo.

Mkewe alijua pia.

"Na mkia ukisimama?"

"Hautasimama."

"Haya, baba. Mimi yangu macho."

Dereva wao, mama wa makamo mwenye sauti ya mwalimu, alifungua paa la gari. Fundi Rangi akasimama, ameshika chuma cha paa, anakagua kama mtu aliyekuja kupokea kazi yake.

"Twiga, mabaka sawa. Pundamilia, milia hadi kwenye kwato. Sawa kabisa."

"Na tembo?" mkewe akauliza. "Mbona wako alikuwa na masikio ya mbuzi?"

"Niliyabana kidogo. Mlango ulikuwa mdogo."

Alasiri ya siku ya pili, wakiwa wamekwisha kugeuza kurudi, waliwaona ngiri watano. Walikuwa wamepiga magoti ya mbele wanakula majani, mikia inaning'inia.

"Simamisha!" mzee akapaza sauti. "Umeona, mama? Umeona? Mikia chini!"

"Wanakula hao. Ngoja wakimbie," mkewe akamwambia.

Dereva akazima injini. Wakangoja. Jua likamchoma mzee utosini, wala hakukaa. Ghafla ndege mkubwa akaruka kutoka kwenye majani, ngiri mama akashtuka, na mikia mitano ikapanda juu kwa mpigo mmoja, imenyooka kama antena za redio. Wakatimka kwa mstari. Miili ikamezwa na majani marefu, ikabaki mikia peke yake inakwenda.

"Wanasema watoto huufuata mkia wa mama yao," dereva akaeleza.

Mkewe alimstahi, akatazama upande mwingine.

Fundi Rangi akaikumbuka chati ile. Ngiri wa kwenye chati alikuwa amesimama! Yeye alimkunja miguu ili aonekane anakimbia, na mkia akauacha vilevile. Akaketi polepole. Kicheko kikamwanzia tumboni, kikapanda hadi kwenye pengo la meno.

"Mtu mzima mimi! Nimemzungusha shemeji porini miaka yote ile na ngiri wa kuomba radhi!"

Mkewe akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Njia nzima ya kurudi, mmoja akinyamaza, mwingine alianza upya.

Nyumbani, mzee alivaa miwani, akasafisha meza.

"Si umpigie simu tu?" mkewe akamwambia.

"Alisema barua."

Akaandika: *Shemeji, nimemwona. Mkia husimama wima, kama ulivyosema. Kosa ni langu, la brashi na la mdomo. Gari lile likiwa lipo bado, nitakuja na rangi zangu niusimamishe mkia. Likiwa halipo, nitakuja hivyohivyo.* Chini yake akachora ngiri anayekimbia, mkia umepanda hadi kugusa mstari wa mwisho wa maneno.

Alipokunja karatasi alihakikisha mkunjo haupiti kwenye mkia. Akalamba gundi ya bahasha, akaikandamiza kwa kidole gumba chenye rangi ya kijani, akavaa vile viatu vyeusi na kwenda posta. Akaisukuma kwenye tundu la sanduku, akatega sikio mpaka akaisikia ikianguka.