Mstari wa Mengineyo

Godelive alikuwa na hasira tangu asubuhi, na hasira hiyo ilikuwa haki yake. Miaka minne sasa, katika hospitali moja ya Bukavu, yeye ndiye aliyejaza karatasi ya vifo ili iende Kinshasa, wakubwa wahesabu wafu wa Zaïre nzima. Malaria ilikuwa na mstari wake. Surua, kipindupindu, kuhara, vivyo hivyo. Lakini mtu mzima akiangushwa na tansio, yaani damu kupanda, au sukari ikimkausha akabaki mifupa, shefu wake wa kazi aliamuru aandikwe chini kabisa: mengineyo. Mwaka ule wa 1986 mengineyo yaliua watu mia moja na kumi na watatu. Mengineyo gani hayo, jamani, ya kukishinda kipindupindu?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakuijua biro ile, ofisi iliyoficha hata kifo chenyewe.

Sasa alikuja Agathe, mjane kutoka kijiji cha Nyantende, analia. Mume wake alikuwa amekufa kwa tansio palepale hospitalini, lakini wakwe zake walishikilia kwamba amemlisha karuho, ile sumu ya polepole. Kesho, matanga yakiisha, wangemfukuza na watoto wangebaki nao. Aliomba karatasi inayotaja ugonjwa. Godelive aliiandika, shefu akakataa kupiga muhuri, eti ugonjwa huo haumo kwenye orodha.

"Kinshasa hawakuuliza ile," shefu alisema.

Godelive alichukua kitabu cha vifo, alimoandika kila mfu na ugonjwa wake halisi. Alikibeba kwapani akaondoka nacho.

Kesho yake alisimama katikati ya matanga, akasoma jina la marehemu na jinsi damu yake ilivyopanda. Cirhuza, kaka wa marehemu, alicheka: makaratasi tu. Basi Godelive akawasoma wote mia moja na kumi na watatu, jina kwa jina, kijiji kwa kijiji.

"Bote hawa, ni Agathe alibapikia?"

Cirhuza hakucheka tena.

"Na baba yetu," aliuliza polepole, "iko mu kile kitabu?"

Godelive alifunua kurasa za 1983. Alikuwemo: tansio, miguu kuvimba, siku tisa kitandani.

Cirhuza alikaa chini. Kwa kifo kile walimsingizia shangazi yao sumu, wakamfukuza kwa mawe, akafia ugenini Kalehe bila hata ndugu mmoja wa kumzika.

"Agathe," alisema, macho chini, "ubakie na batoto."