Mkono wa Mwanadamu Gani

Pale ofisini walimwita Mama Rula, naye jina hilo hakulichukia, maana rula haikumtoka mkononi tangu wiki aliyoajiriwa. Alikuwa mchora ramani. Wapima ardhi walirudi na tope viatuni na daftari zilizojaa vipimo, yeye akavigeuza kuwa mistari safi kwenye kompyuta, kiwanja kwa kiwanja, kigingi kwa kigingi. Miaka ishirini na mitatu ya kazi hiyo ilikuwa imempa macho makali, ulimi mkali kuliko macho, na kifundo cha mkono wa kulia kilichouma kama jino.

Ni hicho kifundo kilicholeta mambo yote. Miaka mitano nyuma mtaalamu wa viungo alimwambia aachane na kipanya cha kawaida cha kompyuta, atafute kile kisicho na waya kinachosimama kwa ubavu, ambacho mtu hukishika kana kwamba anampa mwenzake mkono. Akakipata. Mwezi haukwisha, maumivu yakapungua, na tangu hapo Mama Rula akawa mhubiri. Alimsumbua meneja mpaka kila aliyegusa kompyuta pale ofisini, watu kumi na wawili pamoja na meneja mwenyewe, akapewa kipanya cha namna hiyo hiyo. Aliyenung'unika aliambiwa mkono wake ni mvivu.

Basi Jumatatu moja meneja akawaita wote chumba cha mikutano. Kando yake alisimama wakala wa mauzo, jitu la mwanamume lenye koti lililombana makwapani, ameshika kisanduku kwa mikono miwili kama anayepeleka posa.

"Hili ni toleo la pili," wakala akasema. "Lile mnalotumia lilikuwa zuri, lakini dunia haisimami. Hiki kinabofya bila sauti. Chaji moja, miezi mitatu. Na umbo lake limefuata mkono wa mwanadamu."

"Mwanadamu gani?" Mama Rula akauliza.

Wakala akatabasamu. "Mwanadamu, mama. Sisi sote."

"Na mimi nimo?"

"Wewe ndiye wa kwanza."

"Nipe nikishike basi."

Akakishika. Kiganja chake kidogo kilipotea juu ya mgongo wa kile kitu, na kidole gumba kilichotakiwa kubonyeza kitufe cha pembeni kilifika nusu ya njia kikabaki kinaning'inia.

"Mkono utazoea," wakala akasema.

"Mkono huu una miaka hamsini na mmoja. Ungekuwa na nia ya kurefuka ungekwisha kurefuka."

Watu wakacheka, isipokuwa meneja. Mkutano ulipokwisha alimbakiza, akamkabidhi kile kipanya kipya. Makao makuu, alisema, yanataka taarifa ya kulinganisha vipanya viwili, cha zamani na kipya, kabla ya kununua vya ofisi nzima. Akampa wiki mbili.

"Ila nataka taarifa ya kuunga mkono," akaongeza. "Tunaelewana?"

"Mkono upi, bosi?"

Meneja akafungua mlango akamwonyesha njia.

Kwa wiki mbili Mama Rula alifanya kazi asubuhi kwa kipanya cha zamani na mchana kwa kipya, na daftari lake likajaa sumu. Gurudumu la kile cha zamani, aliandika, linazunguka kwa hatua kama mtu mzima ashukaye ngazi. La hiki kipya limelegea, ukiligusa tu ramani inaruka, uko kwenye kiwanja namba nne mara unajikuta mtoni. Cha zamani kimevaa plastiki inayofutika kwa kitambaa. Kipya kimepakwa kitu kama ngozi, siku ya tano kilikuwa na mng'aro wa shingo ya shati la fundi gereji. Mshale wake nao una haraka ya mtu aliyeachwa na gari. Kuhusu sauti alikubali, maana hakuwa mwongo: kipya kilikuwa kimya kweli. Hilo aliliandika kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa. Na juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, akaweka maneno ya wahenga: kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Lakini alimjua meneja. Maneno matupu angeyasoma kama wivu wa mwanamke mzee na kipanya chake. Alihitaji vipimo. Siku ya kumi akachukua karatasi, penseli na rula, akaanza kupita meza kwa meza. Kila mtu alimwambia alaze kiganja juu ya karatasi, akakizungushia penseli, kisha akapima kutoka kwenye mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Vipanya vyote viwili alivibeba, akamshikisha kila mtu kimoja baada ya kingine, akatazama vidole vinaishia wapi.

"Unatupima majeneza?" mmoja akamtania.

"Jeneza lako halihitaji rula. Tulia."

Kufikia saa tisa alikuwa na mikono kumi na mmoja, ukiwemo wake mwenyewe na wa meneja, alioutoa akidhani ni mambo ya bima. Matokeo yalimfurahisha. Kipanya kipya kiliwakaa watu wawili tu, meneja na mpima ardhi mmoja mwenye kimo cha nguzo. Ndiye huyo mwanadamu wenu, alijisemea. Wawili katika kumi na mmoja.

Alibaki mtu mmoja: shemeji yake.

Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, mtu wa makamo, mpole, mwenye mikono mipana kama majembe. Kazi pale alitafutiwa na Mama Rula mwenyewe miaka tisa iliyopita, na miaka ya mwanzo alikuwa hodari hasa. Kisha akapunguza mwendo. Ramani ya siku moja ikawa ya siku mbili, halafu tatu. Mama Rula aliona aibu, maana ndiye aliyemleta, na aibu yake akaigeuza dhihaka: akampa jina la Kinyonga, na ofisi ikalidaka siku hiyo hiyo.

"Leta mkono, Kinyonga."

"Mimi niache, shemeji. Wengine wanakutosha."

"Leta."

Akauleta. Ulifunika karatasi ukazidi pembeni, ikabidi Mama Rula atafute karatasi ya ramani. Alipoanza kuzungusha penseli akaona vidole viwili vya mwisho vimejikunja, na cha kati nacho kimeinama kidogo.

"Nyoosha vidole."

"Ndivyo vilivyonyooka hivyo."

Akadhani anataniwa. Akabonyeza kidole kidogo kwa ncha ya penseli, na shemeji yake akavuta pumzi kwa meno. Hakuwa anatania.

"Tangu lini?"

"Tangu vilipokuja vipanya vyako." Alisema bila hasira, kama anayetaja tarehe ya kuzaliwa. "Kile ni kidogo, shemeji. Lazima nikunje vidole chini yake kutwa nzima."

"Na ulinyamaza miaka mitano?"

"Sikunyamaza. Nilikuambia wiki ile ile. Ukasema mkono ni mvivu kama mwenyewe, watu wakacheka. Jioni ukamsimulia kaka mezani, naye akacheka."

"Si ungetumia cha kawaida."

"Nilileta changu kutoka nyumbani. Ulikichomoa ukakitia kwenye droo yako. Ulisema ninaharibu utaratibu."

Mama Rula alikumbuka. Alikumbuka hata ule waya, mweusi, umefungwa fundo katikati.  Akamsogezea kipanya kipya.

Shemeji yake akakishika. Mkono ulikaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Kidole gumba kikaenda moja kwa moja kwenye kitufe. Akaigeukia skrini yake, ambako kiwanja kimoja chenye pembe kumi na moja kilikuwa kimelala nusu tangu asubuhi, akakimaliza, na chai aliyokuja nayo Mama Rula ilikuwa bado inatoa mvuke.

"Hiki kinanikaa," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mama Rula alirudi mezani kwake akatandaza karatasi zote kumi na mbili. Safari hii hakuangalia kipanya kipya kimewakataa wangapi. Alitazama kile chake. Watu watano kiliwakaa vizuri, naye akiwa wa kwanza. Wanne kiliwabana kidogo, na hicho kipya nacho kiliwapwaya. Watatu kiliwatesa. Miaka mitano. Na wakala yule wa koti la kubana alikuwa amefanya kosa gani? Alisema kitu kilichoukaa mkono wake kitaikaa mikono yote. Nyani haoni kundule.

Nyumbani alimweleza mumewe wakiwa bado mlangoni.

"Nilijua mkono unamuuma," mumewe akasema. "Juzi juzi tu kikombe kilimponyoka hapa. Sikujua sababu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani anakuambia wewe kitu?" Akachukua kiti akaketi, wala hakuonekana kutaka jibu.

Taarifa aliiandika upya. Sumu juu ya gurudumu na ile ngozi bandia hakuifuta hata tone, kwa sababu ilikuwa kweli. Ule ukimya wa kubofya akaupandisha juu kwa herufi za kawaida. Akaambatisha michoro ya mikono kumi na miwili, kila mmoja na kipimo chake, na mwishoni akaandika: "Vipanya vya zamani viliingia ofisini kwa shinikizo la mwandishi wa taarifa hii, ambaye hakupima mkono wa mtu yeyote ila wake. Katika watu kumi na wawili viliwafaa watano. Hiki kipya kitawafaa watatu. Kila mtu apewe kinachomkaa, na kwanza aulizwe."

Meneja aliisoma kwa kusimama. "Hii siwezi kuipeleka juu."

"Ipeleke chini basi. Huko ndiko kuna wanaovitumia."

"Nilikuomba kitu kimoja. Na vyenyewe vimekwisha kuagizwa."

"Wiki mbili hizi nilikuwa nalinganisha nini?"

 Meneja alianza kupanga kalamu zake.

Vipanya vipya vikaja, kumi na viwili, kila kimoja kwenye kisanduku chake. Wenye mikono mikubwa wakavichukua. Wenye mikono midogo wakavitia kwenye droo wakaendelea na vya zamani, na wale wanne wa kati wakaleta vya kawaida kutoka majumbani, vyenye waya, na hakuna aliyevichomoa. Meneja alipopita aliona mikono inatembea, akaandika kwamba mradi umefanikiwa.

Jina la Kinyonga halikufutika. Mama Rula aliliacha siku ile ile, akawakaripia wengine waliache, wakamcheka, wakaendelea nalo. Hilo nalo alilimeza.

Kuomba radhi hakukujua vizuri, hakuwa na mazoezi. Alichofanya ni kumpeleka shemeji yake kwa yule yule mtaalamu wa viungo, akakaa naye kwenye benchi, akagombana na mpokeaji wa wagonjwa aliyewapitisha watu wawili mbele yao. Mtaalamu akaminya vidole, akavikunja na kuvikunjua, akasema mazoezi ni kukamua kitambaa kilicholoa, kila siku, taratibu.

"Kukamua kitambaa," Mama Rula akarudia. "Umesoma miaka mingapi?"

"Shemeji," mgonjwa akasema, "tafadhali."

Hata hivyo Jumapili iliyofuata, shemeji alipokuja kuwatembelea, alikuta beseni la nguo zilizosuuzwa linamngoja uani. Mumewe Mama Rula alilalamika kwamba mgeni hapewi nguo za kufua.

"Hafui. Anakamua. Na polepole, shemeji, umesikia wewe? Hizo suruali za kaka yako ziache za mwisho, ni nzito."

Akawa anakamua kila siku kwake, na kila Jumapili pale uani, Mama Rula amesimama juu yake akimkosoa. Baada ya miezi minne kidole cha kati kilinyooka chote, na cha pete karibu chote. Kile kidogo kilikataa. Mtaalamu alisema kimekaa hivyo muda mrefu mno, na Mama Rula, aliyekuwa amefungua mdomo tayari kumjibu, akaufunga, akamwambia shemeji yake avae viatu waende.