Ushindi wa Radi dhidi ya Waoka Mikate

Wiki nzima kabla ya mechi, Msemaji hakuwa na neno jingine mdomoni ila saba bila. Alilisema akiingiza mikate tanurini, akalisema akiitoa, na mtu angemuuliza saa ngapi angejibu saba bila. Jina hilo la Msemaji alibandikwa na wenzake wa kiwanda cha mikate, kwa vile aliizungumzia timu ya Radi kana kwamba yumo kwenye kamati yake. "Tumesajili," alikuwa akisema. "Tumemtimua kocha." Nani kamtimua? Yeye huyohuyo, na aproni yake yenye unga. Radi yenyewe haikumjua hata kwa kivuli.

Balaa ni kwamba droo ya kombe iliipangia Radi kucheza na Hamira, na Hamira ni timu ya kiwanda hichohicho. Kipa wake ni dereva wa gari la mikate, winga wake hutia mikate kwenye mifuko, na beki wake wa kati, Nanga, ni mkandaji wa unga. Tena huyo Nanga ni mdogo wake Msemaji, tumbo moja, wanaishi pamoja kwa mama yao na wanagombea bafu kila asubuhi.

"Kaka, siku hiyo utakaa upande gani?" Nanga alimuuliza.

"Damu ni damu, mdogo wangu, lakini Radi ni Radi. Nitakuombea usivunjike tu."

Nanga alicheka. Wakati huo bado walikuwa wanacheka pamoja.

Basi siku ikafika, na tuseme kweli: Radi ilicheza mpira wa kutia aibu. Mabeki walipasiana wao kwa wao kama watu wanaosukumiana lawama. Mshambuliaji wao, ambaye mashabiki walimbatiza Bei Mbaya kwa fedha zilizomwagwa kumnunua, alipiga shuti likampata muuza maji jukwaani, kisha akapata nafasi nyingine nzuri zaidi akaukosa mpira wenyewe. Upande wa pili, yule mtia mikate mifukoni aligongesha mpira mwamba wa goli, na uwanja mzima ukainuka.

Msemaji alikaa nyuma ya goli, jezi mpya, uso umepakwa rangi. Mapumziko yalipofika zile saba alizotabiri zilikuwa zimeshuka hadi nne. Kipindi cha pili zikawa mbili. Dakika za nyongeza zilipoanza alikuwa ameshika kichwa, anaomba, "Hata moja, Mungu wangu, hata la mgongo."

Ndipo Bei Mbaya akaingia kwenye eneo la hatari, na Nanga akateleza chini akautoa mpira miguuni pake, safi, kama mtu anayechomoa uzi kwenye sindano. Bei Mbaya akaendelea kukimbia. Akakimbia hatua kadhaa, kisha ni kama akakumbuka jambo, maana alijirusha juu, akaanguka, akabingirika huku anapiga mayowe ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

Msemaji aliona. Kati yake na pale hapakuwa na kitu ila nyavu. Nanga aliinuka, na wala hakumtazama refa. Aligeuka jukwaani, akamtafuta kaka yake, akamwona, akanyoosha mikono miwili kama anayesema, wewe si umeona?

Msemaji alikuwa ameshasimama juu ya kiti. "Penalti!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Penalti! Na kadi nyekundu!"

Refa akatoa vyote viwili. Nanga akatoka, penalti ikaingia, filimbi ya mwisho ikalia. Mashabiki wa Radi wakatoka uwanjani wanaimba kama walioteka nchi, kumbe wamewafunga waoka mikate bao moja la kuokoteza. "Ushindi ni ushindi!" walisema, na huo ni msemo wa mtu ambaye timu yake imecheza hovyo.

Getini alisimama mtangazaji wa redio na kipaza sauti. Watu walibishana naye kama ile ilikuwa penalti au la, na Msemaji, ambaye hajawahi kupita karibu na kipaza sauti akanyamaza, akajipenyeza mbele.

"Mimi nilikuwa nyuma ya goli, hatua chache tu!" alisema. "Alimpiga ngwara ya wazi kabisa. Na namjua vizuri, ni mdogo wangu yule. Tangu utotoni hajui kucheza mpira, anajua kucheza miguu ya watu!"

Watu waliangua kicheko. Msemaji akarudi nyumbani kifua mbele.

Mama yao hajui mpira, lakini anazijua sauti za wanawe. Alimfungulia mlango akamtazama ile rangi iliyochuruzika usoni. "Tumekusikia redioni," akasema, akarudi jikoni. Nanga alikuwa amekaa mezani. Hakumwambia kaka yake hata karibu.

Jumatatu kazini Msemaji alikwenda na majibu yake tayari. Alijua watamtukana, na matusi kwake ni kidonda cha zamani, hakimuumi. Hakutukanwa. Alisalimiwa vizuri, akapongezwa kwa ushindi, kila mtu akaenda kwenye kazi yake.

Sasa pale kiwandani kuna utaratibu wao. Mtu wa tanuri hutoa mkate mmoja wa kwanza, anaupasua, anaubonyeza ndani, anaunusa. Akisema "umeiva," wengine wanatoa trei zote. Hakuna anayechungulia begani kwake. Neno lake linatosha, na neno la Msemaji lilikuwa limetosha miaka yote.

"Umeiva," alisema asubuhi hiyo.

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema umeiva!"

"Una hakika?" aliuliza dereva, yule kipa.

"Hakika ya nini tena? Mkate huu hapa mkononi!"

"Hata juzi ulikuwa hatua chache tu."

Winga akachora mraba hewani kwa vidole viwili, akaomba marudio ya video kama marefa. Basi mkate ukaanza kuzungushwa. Huyu anaubonyeza, yule anaunusa, mwingine anauinua kwenye mwanga na kufumba jicho moja, wote wamekaza nyuso kama majaji. Walipokubaliana kwamba kweli umeiva, mikate iliyobaki tanurini ilikuwa imeungua, na msimamizi akaja anafoka.

Msemaji aliumia. Hakutegemea, lakini aliumia kweli. Wangemwita mjinga wa mpira angecheka nao. Lakini mkate? Alimwendea mdogo wake, ambaye peke yake hakuwa ameingia kwenye mzaha huo, mikono imezama ungani mpaka viwikoni.

"Waambie wenzako waache utoto."

"Kaka, uliona au hukuona?"

Msemaji alifuta jasho kwa aproni. "Niliona."

"Uliona nini?"

"Hukumgusa."

Nanga aliupindua unga, akaupiga ngumi. "Mimi unaniambia nini? Mimi nilikuwepo. Waambie wale uliowaambia."

Jioni, kipindi cha michezo kilipofungua simu, Msemaji alipiga. Mama alikuwa anakunja nguo, Nanga amekaa karibu na redio. Mtangazaji alifurahi kumpata. "Ndugu wasikilizaji, tunaye yule kaka wa miguu ya watu! Haya, kaka, leo una lipi?"

"Nina neno moja," alisema Msemaji, na sauti yake ikatoka redioni ikiwa nyembamba. "Mdogo wangu hakumgusa yule mtu. Aliutoa mpira safi. Nilikuwa pale, niliona."

"Eh! Sasa juzi mbona ulisema alimpiga ngwara?"

Angeweza kusingizia jua, au umati. Lakini alikuwa ameamua kusema kweli, na Msemaji akianza kusema hajui kusimama.

"Tulikuwa tunataka bao."

"Hata kwa kumwuza ndugu yako?"

"Siku ile hakuwa timu yangu."

Mtangazaji akacheka sana, akamshukuru, akamchukua msikilizaji mwingine, ambaye alieleza jinsi Radi ilivyoonyesha ukomavu wa mabingwa. Mama alibaki na shati mkononi, hakulikunja. Msemaji aliweka simu mezani akamgeukia mdogo wake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kupongezwa.

Nanga alizima redio.

"Umesema kweli yote, kaka," alisema. "Hata ile ambayo sikukuuliza."