Ukurasa wa Arobaini na Moja

Wenzake walimbandika jina la Mama Kadi, kwa kuwa katika kila kongamano la wakutubi aligawa kadi zake za jina na simu kama mtu anayegawa pipi. Walidhani anatafuta cheo. Hawakujua kwamba mkutubi huyu wa maktaba ndogo ya wilaya alitafuta kitu kimoja tu: kufunguliwa makabati ya vitabu ya watu.

Miaka ishirini na sita nyuma, baba yake ndiye aliyeiendesha maktaba hiyohiyo. Kitabu cha ramani za mito, chenye jalada la kijani, kikapotea. Nakala zake zilichapwa mia tu. Ikasemwa amekiuza yeye. Akafukuzwa kazi bila hata kuagwa, na tangu siku hiyo hakupita tena barabara ya maktaba. Akienda sokoni huzungukia nyuma. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, na kifua kilimsumbua. Binti yake alikula kiapo kwamba mzee hatazikwa na jina la mwizi.

Siku ya pili ya kongamano la mwaka huu, wakati wa chai, alikiona kitabu hicho. Kilikuwa ndani ya kabati la kioo ukumbini, na Mwenyekiti wa chama chao amesimama kando, funguo mkononi, akiwatambia wageni.

"Hiki nimekirithi kwa marehemu babu," alisema. "Ukurasa wa kwanza umeliwa na mchwa, lakini kilichobaki ni dhahabu tupu."

Mama Kadi aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Mchwa gani hula kwa mstari ulionyooka? Ukurasa wa kwanza ndio unaopigwa muhuri wa maktaba, na kila mwizi analijua hilo. Asilolijua ni kwamba maktaba huwa na ukurasa wake wa siri, unaojulikana na wafanyakazi peke yao, na huko hupigwa muhuri mwingine, mdogo, ndani kabisa karibu na mshono. Kwao ulikuwa wa arobaini na moja. Baba yake alimnong'oneza namba hiyo siku yeye alipoajiriwa hapo, kama anayemkabidhi shamba.

Kama muhuri haupo, atakuwa amemvunjia heshima mkubwa wao mbele ya watu, na hakuna atakayemfungulia kabati tena.

Rafiki yake, mkutubi wa chuo cha ufundi, alimsogelea akitafuna biskuti. "Vipi, Mama Kadi, mbona umemganda Mwenyekiti? Unataka kumposa?"

"Shika kikombe changu."

"He! Mimi tena ndiye mhudumu?"

"Shika, nakuambia. Nataka mikono yote miwili."

Rafiki alimtazama usoni, akakipokea.

"Mheshimiwa," Mama Kadi alisema, "naomba utuonyeshe ukurasa wa arobaini na moja."

Mwenyekiti alicheka. "Dada yangu, ndiyo namba yako ya bahati?"

"Tangu zamani."

Wageni nao wakacheka. Mwenyekiti akafungua kabati, akavaa glavu nyeupe, akafunua kurasa taratibu. Mto wa bluu iliyofifia ukatokea. "Haya. Umeridhika?"

"Bado. Kilaze chali, tuone mshononi."

"Mshono utaachia."

"Aliushona baba yangu. Hauachii."

Kicheko kilikatika. Kwa mara ya kwanza Mwenyekiti alisoma kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwa mwanamke huyu, na jina la maktaba yake. Glavu zikaanza kukifunga kitabu.

"Aa, mkubwa," yule rafiki alisema, akaweka kikombe kwenye mlango wa kabati usifungike. "Mwache aone. Hapa sote si watu wa vitabu?"

Mama Kadi alibana kurasa kwa vidole gumba viwili. Mshono ulilia kidogo, ukashikilia. Ndani kabisa palikuwa na duara la zambarau, dogo kama kifungo cha shati.

"Soma wewe," alimwambia rafiki yake. "Mimi macho yamejaa."

Rafiki alisoma jina la maktaba kwa sauti, herufi kwa herufi.

Mwenyekiti alimwinamia Mama Kadi. "Dada, haya tuyazungumze pembeni. Nafasi ya katibu wa chama iko wazi, na mtu kama wewe..."

"Ulipokuwa mwanafunzi ulikaa meza ya dirishani pale maktaba yetu, kila Jumamosi. Baba alichelewa kufunga kwa ajili yako."

"Nilikuwa kijana."

"Na yeye alikuwa na watoto watano." Alitoa kadi yake, akaigeuza upande mweupe. "Andika. Sema ulikichukua wewe."

Mwenyekiti alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu aliyekuwa bado anakunywa chai. Akavua glavu, akaomba kalamu.

Mama Kadi alitoka ukumbini, kitabu kwapani, akapiga simu nyumbani.

"Baba. Arobaini na moja."

Kikohozi kilisikika. "Muhuri umekaaje?"

"Umelala upande kidogo."

"Ndio huohuo," mzee alisema. "Niliupiga kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa na gundi." Akavuta pumzi. "Unarudi lini?"

"Kesho mchana."

"Basi nikute pale maktaba. Nitapitia mbele."