Chokaa Haijanywa Maji

Saada binti Shee hakumpenda mtoto wa kakake, wala hakujificha. Kisiwa kizima cha Koyama kilijua. Kila alipomwona Fahad akipita na simu mkononi, alitema mate pembeni akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyo ndiye mtu wa Mombasa. Miaka thelathini twanywa maji ya chumvi hapa, leo aja kutuuliza jabia la babu liko wapi!"

Jabia lenyewe lilikuwa kwenye kisiwa cha pili, Fuma. Ni tangi la mawe la kukingia maji ya mvua, alilolijenga babake Saada kwa mikono yake. Vita vilipoingia mwaka wa tisini na moja, kakake Saada alipakia mke na watoto akakimbilia Mombasa, akafia huko. Saada alibaki. Alimzika mama, akamzika mume, na jabia likapasuka nyufa bila mtu wa kulitengeneza. Sasa Fahad amerudi, ataka kuhamia Fuma na mkewe Fathiya na wanawe, na bila jabia hakuna atakayeishi Fuma hata wiki moja. Wazee wakakata shauri: atakayelipaka chokaa kabla ya mvua, ndiye mwenyewe.

"Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, shangazi," Fahad alisema mbele ya wazee, akitabasamu.

"Ngamani hukaa maji machafu pia," Saada akamjibu, akajifunga leso akaondoka.

Saada naye alilitaka, lakini nguvu za kukata magogo ya kuchomea chokaa hakuwa nazo tena. Kilichobaki ni kuomba Fahad ashindwe, na aliomba kila baada ya swala, Mungu amsamehe.

Fahad hakushindwa. Alipanga magogo ya mkoko ufukweni, akarundika matumbawe juu yake, akachoma siku mbili mchana na usiku. Tanuri lilipopoa akayatoa mawe, meupe na mepesi. Asubuhi ile Saada alitoka kutupa maji ya vyombo, akamwona akiyatia kwenye magunia, mazima mazima, na Idris, mwenye mashua, akiyabeba kwenda kuyapakia.

Saada akasimama na beseni lake.

Mtoto yeyote aliyekulia Koyama ajua jambo hili. Tumbawe likiiva, kwa macho ni jiwe lile lile, lakini si lile tena. Moto umelitoa kitu ndani, limebaki na kiu. Ukilimwagia maji lafoka, latoa moshi, lachemka pasipo moto, mpaka livunjike liwe unga. Hapo ndipo limekuwa chokaa, na hasira zake zimekwisha. Kwa hiyo hunyweshwa ufukweni kwanza, watu wakikaa mbali. Jiwe ambalo halijanywa halipandi chomboni. Hilo halikuhitaji kuambiwa mtu, ndiyo maana Fahad hakuwahi kuambiwa.

"Unga hupeperuka na upepo," alikuwa akimweleza Idris kwa majivuno. "Jiwe halipeperuki. Tutalimwagia maji huko huko Fuma."

Idris, mtu wa Kismayu aliyezoea kubeba mchele na makreti ya soda, akatikisa kichwa kukubali. Mashua yake ilivuja kidogo, kama zote. Maji ya kifundoni yalikuwa yakicheza chini ya magunia.

Fahad akamwona shangazi yake, akampungia mkono. "Tuombee, shangazi!"

Neno lilifika ulimini. Saada akalimeza. Hakumtakia kifo, haki ya Mungu. Alimtakia hasara tu: magunia yalowe, chokaa iharibike, mvua inyeshe. "Nendeni salama," akasema.

Mashua haikufika mbali. Maji yalikuwa ya kifua tu pale moshi mweupe ulipoanza kutoka kwenye magunia ya chini. Idris akapiga ukelele akajitupa baharini. Fahad akachukua ndoo.

Hapo Saada akatupa beseni. Alikimbia mpaka maji yakamfika magotini, akapaza sauti yake yote. "Usitie maji! Fahad! Toka humo, usitie maji!"

Fahad alimsikia vizuri sana. Akageuka akamtazama, na uso wake ulijaa chuki kama ya Saada mwenyewe. "Wataka iungue yote, eh? Nakujua wewe!" Akachota ndoo ya bahari akaimwaga juu ya magunia.

Loo! Chokaa ilifoka kama chungu kilichofunikwa. Uji mweupe unaochemka ukamruka usoni, naye akaanguka majini kando ya mashua akilia kwa sauti ya mnyama.

Saada alimfikia kabla ya wote. Akamkamata nywele, akamfumbua macho kwa vidole, akamzamisha uso baharini. Akamtoa apumue, akamzamisha tena. Fahad akampiga ngumi ya mdomo. "Aniua! Jamani, huyu bibi aniua!" Watu wa ufukweni wakaamini, wakampigia Saada kelele amwache. Hakumwacha. Chokaa ikishaingia machoni, dawa yake ni maji mengi, na Saada alimwosha mpaka mikono ikafa ganzi na damu ya mdomo ikamchuruzika kidevuni.

Hospitali ya Kismayu ilisema jicho la kulia limepona kwa sababu ya bibi yule. La kushoto limekwenda.

Fahad aliporudishwa, mji mzima ulimsifu Saada. Alipokwenda kumtazama mgonjwa, Fathiya alimpokea mlangoni, akambusu mkono na kumwingiza ndani akiwa bado ameushika. Fahad alikuwa mkekani, bendeji nusu ya uso.

"Shangazi, kule majini ulijua papo hapo kwamba nisitie maji. Na asubuhi magunia uliyaona. Ulijua?"

Angeweza kukataa. Hakuna ambaye angembishia.

"Nilijua," Saada akasema.

Fathiya akauachilia mkono wake.

"Basi jabia lichukue," Fahad akasema, akageukia ukutani. "Ndilo ulilolitaka."

Mvua ya kwanza ilianza kupiga mabati Saada akiwa mlangoni akitoka. Fuma nako kulikuwa kukinyesha. Maji yalikuwa yakiingia jabiani mwake na kutokea kwenye nyufa zisizopakwa chokaa.