Mpimaji wa Nyumbani

Ofisini walimwita Bi Mitego, naye hakuchukia, kwani kazi yake ilikuwa kutega kweli. Kaka yake alikuwa ameunda Msomaji, programu inayosoma programu nyingine bila kuiendesha na kusema kama kila mzunguko uliomo utafika mwisho au utazunguka milele. Bi Mitego aliandika mizunguko midogo yenye hila, kwa ile lugha ngumu inayoongea na mashine uso kwa uso, akaweka pembeni jibu sahihi, kisha akamlisha Msomaji. Wakikubaliana, ubao wa ukutani ulibaki kijani. Wakipishana uligeuka mwekundu, na kaka akanuna mpaka jioni.

Jumatatu aliandika mzunguko wa mistari mitatu tu. Hesabu inashuka moja moja, na mzunguko unaendelea maadamu hesabu haijawa chini ya sifuri. Mtoto wa shule angeapa kwamba utakwisha. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya aina isiyojua hasi: ikiwa sifuri ukiondoa moja, inaruka hadi namba kubwa kuliko zote na kuanza kushuka upya. Mzunguko huo haukwishi ng'o.

Msomaji akajibu: unakwisha.

"Kaka, mtu wako kanasa!" alicheka.

Kaka alisoma ile mistari, na uso ukamshuka. "Nani anaandika upuuzi kama huu?"

"Watu, kila siku. Hata hao wageni wako wanaweza."

Wageni walikuwa watengenezaji wa pampu za hospitali, zile zinazosukuma dawa kwenye mshipa wa mgonjwa. Walikuwa waje Alhamisi kumnunua Msomaji azikague programu za pampu zao. Mzunguko usipokwisha kwenye pampu, dawa nayo haikomi.

"Niachie mimi, mdogo wangu," kaka alisema.

Kesho yake ubao ulikuwa kijani. Bi Mitego alifurahi hata akamnunulia kaka chai, kisha akafungua kazi yake aone Msomaji alivyotibiwa. Msomaji hakuguswa hata herufi. Kilichobadilishwa ni jibu lake yeye: palipoandikwa "haukwishi", sasa paliandikwa "unakwisha". Mwanafunzi kashindwa mtihani, wakasahihisha majibu ya mwalimu.

"Funika kombe mwanaharamu apite," kaka alimwambia bila kumtazama. "Wakishatia saini nitarekebisha. Nimekopea hadi nyumba, unalijua hilo."

Alilijua. Alijua pia nani aliyemlipia shule baba alipofariki.

Alhamisi mgeni mkubwa, mama mmoja mwenye miwani, aliutazama ubao kwa makini. "Nani kampima Msomaji?"

"Huyu hapa," kaka alisema, mkono begani kwake. "Hana huruma hata na mimi."

Mama yule alimgeukia. "Basi niambie wewe. Tumwamini?"

Bi Mitego aliusikia mkono wa kaka ukimbana bega.

"Hapana," alisema. "Bado."

Akawaonyesha ile mistari mitatu. Wageni waliaga kwa adabu, chai yao haijaguswa.

Hata hawajatoka getini, simu yake ililia: mama yao, kaka keshampigia. "Umemwaibisha kaka yako mbele za watu? Yeye aliyekusomesha?"

"Mama, dawa isingekoma."

"Dawa gani? Kwani nani anaumwa?"

Akamuaga, akakata simu.

Kaka alikuwa amesimama mlangoni, tai mkononi. "Unajua kwa nini nilikuajiri?"

"Kwa sababu naona makosa."

"Wanaoona makosa wamejaa tele mjini. Ningetaka mpimaji, ningeajiri mtu baki. Mimi nilitaka dada."

Ilimuuma kuliko kofi. Miaka yote ile alijiona fundi, kumbe alikuwa ndugu tu, amewekwa pale ili siku moja anyamaze. Na siku yenyewe ilipofika, hata hilo likamshinda.

Alirudi mezani akaliandika upya jibu lake la kwanza. Ubao ukawa mwekundu, na hakuna aliyeinua kichwa. Akachukua kikombe chake na cha kaka, akaviosha vyote viwili kama alivyozoea nyumbani tangu utoto. Cha kaka alikirudisha mezani pake. Chake alikitia mkobani.