Uso wa Tesfu Ndani ya Beseni

Mvua ya Dese, huku milimani Ethiopia, haina adabu. Ilipenya kwenye bati, ikateremka ukutani hadi nyuma ya picha ya Tesfu, na Yeshimebet alipoishusha ili aifute, akaona picha na kioo vimegandana.

Ilikuwa picha ya studio, ya watoto watatu: yeye mwenyewe akiwa na miaka minane, mdogo wake Getahun akiwa mchanga mapajani mwake, na kaka yao Tesfu katikati, aliyekufa kwa surua mwezi mmoja baadaye. Picha nyingine ya Tesfu haipo duniani. Na palipogandia kioo ni pale pale usoni mwake.

Mama yao humsalimu Tesfu ukutani kila asubuhi kabla hajamsalimu yeyote aliye hai. Siku hizo alikuwa ameenda kanisani kwenye maji ya baraka, na angerudi kesho yake.

"Lete wembe, dada," alisema Getahun.

"Wembe kanyolee ndevu zako! Picha hii huigusi."

"Haya, mama tutamwambia nini? Kwamba mwanawe kahama?"

Yeshi alijitanda shama yake, shuka nyeupe ya pamba, akaenda kumwita Tiruneh, ambaye wote walimwita Gashe kwa heshima, mzee aliyeipiga picha hiyo hiyo zamani, kabla studio yake haijageuka duka la viatu. Mzee akaja, akaigeuza picha mara mbili, akaguna.

"Leteni beseni. Maji safi, ya baridi."

"Maji tena?" Getahun aliruka. "Gashe, si maji ndiyo yaliyotuua?"

"Picha hii ilizaliwa majini, kijana. Ulidhani niliipika kwenye mchuzi?"

Akailaza ndani ya beseni, kioo na picha pamoja. Kisha akaketi, akanyoosha miguu. "Yeshi, kaanga kahawa. Duru zote tatu, kama ilivyo desturi. Kabla ya duru ya tatu, ile ya baraka, asiguse mtu."

Duru ya kwanza Yeshi aliinywa bila kusikia ladha. Alimkumbuka kaka yake akikimbia, alikumbuka hata sauti yake akimtania, lakini uso ulikuwa kwenye picha tu. Uso ukibaki kwenye kioo, basi. Tesfu amekufa mara ya pili, na safari hii mikononi mwake.

Duru ya pili Getahun alinyoosha kidole kuelekea beseni. Mzee akakipiga kofi.

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Na bado nina kisa na wewe. Siku ile ulinikojolea zulia la studio!"

Walicheka wote, na hapo hapo mlango ukafunguka. Mama yao huyo, siku moja kabla, na dumu la maji ya baraka mgongoni. Aliangalia msumari mtupu ukutani, kisha beseni.

"Mama, nisamehe," Yeshi aliinuka. "Imegandia kioo. Mvua..."

"Mmeibandua?"

"Bado."

"Mungu ashukuriwe!" Mama alitua dumu, akajitupa kwenye kigoda. "Nilijua tangu mvua za mwaka juzi. Nikanyamaza, maana nilijua huyu angeleta wembe." Akamwonyesha Getahun kwa kidevu.

Gashe Tiruneh alicheka hadi akakohoa. Getahun aliinamia kikombe chake.

Duru ya tatu ilipomiminwa, mzee alikunja mkono wa koti, akainua pembe moja ya picha taratibu. Ikaja, ikaja, ikakwama shavuni. Mzee hakuivuta. Aliyasukuma maji kwa kiganja, tena na tena, na picha ikajiachia yenyewe ikaelea. Tesfu mzima: macho, masikio yale makubwa, mdomo unaotaka kucheka. Yeshi aliangua kilio cha furaha, wala hakuona haya.

Mama aliinama hadi pua ikakaribia maji. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona nyuma ya kioo tu.

"Gashe, naweza kumgusa?"

"Bado mbichi, Mama Tesfu. Mwache akauke."

Tangu mazishi hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina hilo. Mama alijifuta machozi, akavuta kigoda karibu na beseni.

"Nimesubiri miaka thelathini na mmoja," alisema. "Akauke tu. Nipo."